SULUHU NA HAKI: JE, YAFAA KUMWAJIRI WAKILI WA KUPATANISHA?

Ndugu mmoja wa Kisauni, katika wale wanaohudhuria darasa letu, ametuletea suala ambalo tumeona halimhusu yeye peke yake. Baba yake amefariki, akaacha mjane mmoja, wana wawili wa kiume na wawili wa kike. Mali aliyoiacha ni nyumba ya vyumba sita iliyojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, kama zilivyo nyumba nyingi za Mombasa, na kipande cha shamba la minazi upande wa Likoni. Tangu siku za matanga, kodi ya vyumba huipokea kaka mkubwa, na nazi za shamba huziangua yeye. Dada zake wakiuliza huambiwa wangoje. Sasa kaka huyo ameweka wakili wa kesi. Dada wao wamesikia kwamba yuko wakili mwingine ambaye kazi yake khasa ni kumaliza magomvi kwa mapatano, pasi na kungojea hukumu, na wataka kumwajiri huyo. Lakini wazee wa mtaa wamekasirika. Wasema kwamba suluhu ni kazi ya wazee na masheikh, nayo hufanywa kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu; na mwenye kumlipa mtu wa nje aje kupatanisha ndugu wa baba mmoja, amewavua nguo mbele ya watu. Ndugu yetu atuuliza: ni nani aliye katika haki?

Twataka kulijibu suala hili kwa urefu kidogo, kwani maneno ya wazee hawa si ya kupuuzwa. Yana asili katika dini, na yana asili katika desturi zetu njema. Qur'ani, katika Suratun-Nisaa aya ya 35, imeamrisha kwamba mume na mke wakikhitilafiana atumwe mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke. Haikuanza kwa kuwapeleka kwa kadhi. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 128, tumefunzwa kwamba suluhu ndiyo bora. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiwaagiza makadhi wake wawarejeshe wagomvi wakasuluhiane, kwa kuwa hukumu hukata daawa lakini huacha chuki nyoyoni. Na sisi watu wa bara hii ya Likoni, Kisauni na Changamwe tunayajua hayo kwa macho yetu. Tumeona nyumba ambazo kesi yake ilianza kwa ndugu wawili, ikarithiwa na watoto wao, na mwisho nyumba yenyewe ikaanguka kwa mvua kabla ya hukumu kusomwa. Wakaazi wa Likoni hawajasahau lile shamba la Waitiki, karibu ekari 930, ambalo ugomvi wake ulidumu miaka mingi na kesi hazikuumaliza, hata serikali ilipolinunua na wakaazi wakapewa hati mwanzoni mwa mwaka 2016.

Basi juu ya ubora wa suluhu hatuna khitilafu na wazee. Khitilafu yetu ni juu ya jambo moja: suluhu ni kitu gani? Wengi wetu twadhani suluhu ni kunyamaza kwa kelele. Watu walikuwa wakigombana, sasa hawagombani, Fatiha imesomwa, kahawa imenywewa, kila mtu amekwenda zake, basi wamesuluhiana. Twasema, hapana. Huenda kelele zikanyamaza kwa kuwa haki imepatikana, na huenda zikanyamaza kwa kuwa mwenye kudhulumiwa amechoka. Kwa anayepita njiani mambo mawili haya hayana tofauti. Mbele ya Mwenyezi Mungu yamefarikiana kama mbingu na ardhi.

Na hapa imetupasa tuseme yaliyotupata sisi wenyewe, ingawa hayatupambi. Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa katika kikao cha mirathi, katika mtaa mmoja wa bara. Walikuwako ndugu wa kiume wanne na dada watatu. Mkubwa wao alisema kwamba dada zake wameolewa na wana waume wa kuwatazama, na kwamba wao, kwa mapenzi ya ndugu, wamesamehe mafungu yao ya shamba. Wale dada waliulizwa kutoka nyuma ya pazia, wakasema ndiyo. Tukaomba dua, tukasifu umoja wa ukoo ule, tukarudi kwetu tukijiona tumefanya kheri. Mwaka haukupita, mmoja katika wale dada akatujia na mtoto mgonjwa mkononi, akasema: "Maalim, mimi sikusamehe. Niliona haya." Tukamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akajibu: "Ningesema nini, nami sijui fungu langu lilikuwa ngapi?" Neno lile limetukaa kifuani mpaka leo. Tulikuwako wanaume wenye elimu si chini ya watatu katika kikao kile, wala hapana hata mmoja aliyemwambia mwanamke yule haki yake ni kiasi gani kabla ya kumwuliza kama ameisamehe.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba mali ya Mwislamu si halali kwa mwingine illa kwa radhi ya nafsi yake. Na mtu hawezi kuridhia kuacha kitu asichokijua. Aliyesamehe asilolijua hakusamehe. Amenyang'anywa kwa upole.

Itazameni, ndugu zetu, hadithi aliyoipokea Bibi Ummu Salama (r.a.), ambayo asili yake ni ugomvi wa mirathi kama huu wa Kisauni. Watu wawili walimjia Mtume (s.a.w.) wakigombania mirathi ya zamani, wala hapana kati yao mwenye ushahidi. Akawaeleza kwamba yeye ni mwanadamu, hukumu kwa ayasikiayo. Huenda mmoja wao akawa mwingi wa ufasaha kuliko mwenziwe, akahukumiwa haki isiyo yake, na hilo litakuwa kipande cha moto alichokatiwa. Wakalia wote wawili, kila mmoja akasema haki yake amemwachia mwenziwe. Hapa ndipo penye mafunzo. Lau suluhu ingekuwa ni kunyamaza kwa kelele, Mtume angeliwaambia: basi, nendeni kwa amani. Lakini hakuwaacha hivyo. Aliwaagiza wagawanye, waikusudie haki katika mgawanyo wao, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenziwe. Kwanza haki, kisha kusameheana. Hata machozi ya kweli hayakuondoa wajibu wa kugawanya.

Na mafakihi wetu wameshika njia hiyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu katika pwani hii, suluhu haisihi juu ya kukanusha. Yaani mdaiwa akishikilia kwamba mdai hana haki yoyote, kisha akampa kitu ili amnyamazishe, suluhu hiyo ni batili mpaka akiri kwanza. Maimamu wengine watatu wameijuzisha, nao wana hoja zao, wala hatukusudii kuwarudi. Twataka kuonyesha hekima tu: Imamu wetu aliogopa suluhu iwe ni pazia la kufunikia dhulma. Kadhalika mrithi anayetaka kujitoa katika mirathi kwa kupewa kitu maalumu, jambo ambalo mafakihi huliita takharuji, yampasa ajue anaacha nini na anapewa nini.

Ikiwa haya yamefahamika, sasa tuutazame uwakili. Wapo wadhanio kwamba wakili ni bidaa iliyokuja na Waingereza. Sivyo. Wakala ni mlango mzima katika vitabu vya fiqhi. Sayyidna Ali (r.a.), pamoja na elimu yake na ufasaha wake, hakupenda kuhudhuria magomvi kwa nafsi yake, alimweka nduguye Akil kuwa wakili wake, na Akil alipokuwa mzee akamweka Abdullahi bin Jaafar. Alisema kwamba magomvi yana mashimo yake na shetani huyahudhuria. Ikiwa Ali aliuona umuhimu wa mtu wa kusema badala yake, vipi tutamlaumu binti wa Kisauni ambaye akimtazama kaka yake mkubwa usoni ulimi humganda? Na ujira nao hauharamishi. Kadhi hulipwa, mwalimu wa chuo hulipwa, na mwandishi wa hati hulipwa. Thawabu ni ya anayejitolea. Lakini asiyejitolea hakufanya dhambi, maadamu kazi yake ni halali na ujira wake wajulikana.

Lakini wakili huyu wa mapatano ni mtu gani? Tumeona watu wakichanganya watu watatu. Wa kwanza ni mpatanishi: huyu hana upande, wala hana amri, kazi yake ni kuwakutanisha watu mpaka wapatane wenyewe. Wa pili ni mwamuzi wa khiyari, ambaye pande mbili humteua na kukubali kwamba neno lake litawafunga. Fiqhi humwita muhakkam, na Kenya ina sheria ya uamuzi wa namna hii ya mwaka 1995. Wa tatu ni wakili: huyu ana upande, na upande wake ni wewe uliyemwajiri. Wakili wa mapatano ni yule aliyejifunza kukutetea mbele ya wawili wale, kama wakili wa kesi anavyokutetea mbele ya hakimu. Hakuja kuchukua pahala pa wazee. Amekuja kukaa ubavuni mwako wazee wanapokupatanisha, ili ukisema ndiyo iwe ni ndiyo ya mwenye kujua.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe ametuonyesha kwamba mpatanishi, hata akiwa mbora wa viumbe, hamnyang'anyi mtu khiyari yake. Barira alipoachwa huru, naye ana mume mtumwa jina lake Mughithi, alichagua kumwacha mume huyo. Mughithi akawa akimfuata katika njia za Madina akilia. Mtume akamwonea huruma, akamwombea kwa Barira amrejee. Barira akauliza: je, ni amri? Mtume akamjibu kwamba yeye ni mwombezi tu. Barira akasema hana haja naye, na Mtume hakumlaumu. Tujiulize sisi wazee na masheikh: ni wanawake wangapi katika mitaa yetu wanaoweza kutuuliza suala lile la Barira? Na wakituuliza, ni wangapi katika sisi tutakaowajibu kama alivyojibu Mtume?

Yako na ya sheria ya nchi, ambayo mwenye mali lazima ayajue. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 159, imewaamrisha mahakimu kuzitia nguvu njia za upatanishi na uamuzi wa khiyari, pamoja na njia za jadi, kwa sharti kwamba njia hizo za jadi zisivunje haki za binadamu wala zisikiuke uadilifu. Na Mtume (s.a.w.) alikwisha kuweka sharti la namna hiyo aliposema kwamba suluhu baina ya Waislamu ni jaizi, isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Mwaka 2016 mahakama ya Nairobi ilianza mpango wa kuyapeleka baadhi ya mashtaka kwa wapatanishi waliothibitishwa, katika muda wa siku 60, na baadaye mpango huo ukafika Mombasa. Hii ni rehema kubwa ukilinganisha na miaka tuliyoizoea. Lakini rehema hii ina mlango wa nyuma uliofungwa: mapatano yakishaandikwa, yakatiwa sahihi na kusajiliwa mahakamani, huwa na nguvu za hukumu, wala hayakatiwi rufaa. Hukumu ya hakimu unaweza kuilalamikia mbele ya aliye juu yake. Sahihi yako mwenyewe utailalamikia kwa nani?

Na tena mambo ya mirathi ya bara yana mafundo. Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, huhukumu katika hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Ugomvi wa hati ya ardhi una mahakama yake nyingine, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Nyumba ya marehemu huyu iko juu ya ardhi isiyokuwa yake; warithi wamerithi kuta, paa na haki ya kukaa kwa kulipa kodi ya ardhi. Watu wakikaa kupatana bila kujua kwamba kodi ya ardhi haijalipwa, au kwamba shamba limeandikwa kwa jina la babu, watagawana kivuli. Wakili mwema ataanza kwa kwenda kutazama daftari la ardhi kabla hajafungua mdomo.

Basi anayetaka kumwajiri mtu huyu na amwulize masuala machache, bila haya. Amwulize ujira wake ni kiasi gani tangu mwanzo hadi mwisho, na uandikwe. Asikubali mapatano ya kwamba wakili atalipwa pale tu atakaposhinda; fiqhi yachukia ujira usiojulikana, na Sheria ya Mawakili ya Kenya nayo imeyabatilisha mapatano ya kumlipa wakili wa kesi kwa sharti la kushinda. Amwulize kama amepata kumtumikia yule khasimu wake. Amwulize: mahakama ikihukumu, ni lipi bora nitakalopata, na ni lipi baya? Wakili anayekuahidi ushindi tu hakufai katika suluhu, wala hakufai katika kesi. Na la mwisho, ambalo kwetu ndilo kubwa: amtazame kama aweza kumwambia kweli inayomchoma. Qur'ani, katika Suratun-Nisaa aya ya 105, imekataza kuwatetea wafanyao khiyana. Wakili anayekubali kuficha hati kwa ajili yako leo, ataficha jambo jingine kwako kesho.

Tena tusisahau kwamba suluhu ina mipaka. Fungu la yatima halisamehewi na walii wake, kwani si mali yake hata aisamehe. Mke anayepigwa hapelekwi kikaoni akaambiwa avumilie. Hati iliyoghushiwa haipatanishwi. Hiyo ni ya hakimu. Na mtu akiikataa suluhu ya haki, hakuna lawama kwa mwenziwe kushika haki yake yote. Zubair (r.a.) aligombana na Ansari mmoja juu ya maji ya kunywesheza mitende. Mtume (s.a.w.) kwanza alimshauri Zubair apitishe maji kwa jirani upesi, na hiyo ilikuwa suluhu yenye ukarimu. Yule Ansari akakasirika, akamtuhumu Mtume kwamba anampendelea binamu yake. Hapo Mtume akampa Zubair haki yake kamili, mpaka maji yafike kwenye kuta za vitalu. Tunaona basi kwamba Mtume aliijua haki kamili ya Zubair hata alipokuwa akimwomba aiachie baadhi yake. Suluhu ilisimama juu ya haki iliyokwisha julikana.

Sasa twarejea kwa ndugu yetu wa Kisauni. Kwanza na ahesabu, na awafunze dada zake hesabu hii mpaka waijue kwa moyo. Mali yote, baada ya madeni na wasia, ni mafungu 48. Mama yao, aliye mjane, ana thumuni, nayo ni mafungu 6. Kila mwana wa kiume ana mafungu 14, na kila mwana wa kike ana mafungu 7. Dada wawili pamoja wana fungu sawa na kaka yao mkubwa. Na kodi zote zilizopokewa tangu baba kufariki zimo katika hesabu hiyo, baada ya kutoa gharama. Hii ndiyo haki. Akitaka mtu kusamehe, na asamehe baada ya kuijua.

Pili, dada zake na wamwajiri wakili wao, wala wasione haya. Kaka yao amekwisha kuwa na wake. Hapana adabu inayomtaka mmoja aje na ngao na mwingine aje mikono mitupu. Tatu, kikao na kifanyike, na wazee wawemo. Ka'b bin Malik na mdaiwa wake walipoinua sauti msikitini, Mtume (s.a.w.) alitoka akamwashiria Ka'b apunguze nusu ya deni, Ka'b akakubali, na Mtume akamwambia mdaiwa asimame alipe. Deni lilijulikana, kiasi kilichosamehewa kilijulikana, na kilichobaki kililipwa. Wazee wetu wakiishika njia hii, hakuna wakili atakayewaondolea heshima yao.

Na kwa wazee waliokasirika twasema kwa adabu: mwasema mwenye kumleta mtu wa nje amewavua nguo ndugu zake. Nasi twawaambia kwamba yule dada aliyetujia na mtoto mgonjwa, hapana wakili aliyemvua. Sisi tuliokuwamo kikaoni ndio tuliomvua, nasi tulikuwa tukiomba dua. Suratul-Hujurat, aya ya 9, haikuamrisha kupatanisha tu. Imeamrisha kupatanisha kwa uadilifu. Akija mtu wa kutukumbusha uadilifu huo, ingawa amelipwa, na tumfanyie nafasi mkekani.

Mwenyezi Mungu atuwafikie sote katika suluhu iliyo ya haki. Wallahu aalam.